Barua kwa Nahodha: Taa ya SOS badala ya fataki?

Tangu kusi ilipoanza kutulia, barua zinazonifikia ni za jambo moja: zile taa za betri zinazomweka SOS, alama ya kuomba msaada, ambazo watu wanaziona kwenye maduka ya mtandaoni na kuambiwa kuwa zimekuja kuzika fataki za dharura, zile za moto mwekundu za kuombea msaada. Nimechagua sita za kujibu. Nyingine zilikuwa zinauliza bei, na bei mimi siitaji. Sina duka, na wenye maduka ni jirani zangu.

*Shikamoo nahodha. Naendesha boti ya faiba ya futi 26 kutoka Nungwi, napeleka wageni Mnemba kuogelea. Mgeni mmoja wa Marekani aliniachia taa ya dharura kama zawadi, akasema kwao ukiwa nayo huhitaji tena fataki. Fataki nilizonazo zimepitwa na muda tangu mwaka juzi. Nizitupe nitegemee taa?*
— Kijana wa Boti, Nungwi

Marahaba, mwanangu. Mgeni wako hakukudanganya, ila amekuachia habari nusu. Kwao, sheria ya Walinzi wa Pwani inawataka wenye boti wanaokwenda baharini wawe na ishara za kuomba msaada, za mchana na za usiku. Za usiku zinaweza kuwa fataki nyekundu tatu, au taa moja ya umeme inayomweka SOS yenyewe bila mtu kuibonyezabonyeza. Lakini taa hiyo inahesabiwa kwa usiku tu. Kwa mchana lazima awe na kitu kingine, na wengi hubeba bendera ya rangi ya chungwa, futi 3 kwa 3, yenye mraba mweusi na duara jeusi. Tazama vizuri ndani ya mfuko aliokuachia. Taa hizi mara nyingi huuzwa pamoja na bendera hiyo, na nimeshamwona mtu akiifanya kitambaa cha kufutia mashine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fataki ya mkononi ya kiwango cha meli inatoa mwanga wa kandela 15,000 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa dakika moja. Roketi ya mwavuli inapanda mita 300, inaning'inia angani sekunde 40 ikitoa kandela 30,000. Taa ya umeme iliyoidhinishwa Marekani inadaiwa kandela 75 hivi, lakini inatakiwa ikae hai saa 6. Zisome tena tarakimu hizo polepole. Roketi inapiga ukelele mmoja wa kusikika ng'ambo, kisha kimya. Taa inaita kwa sauti ya chini kwa saa nyingi.

Na kuna jambo la umbo la dunia, ambalo hakuna betri inayoliweza. Wewe umekaa kwenye boti iliyozimika, umeishika taa mkononi, iko mita 1 juu ya maji. Anayekutafuta amesimama kwenye boti yake, jicho lake liko mita 2 juu ya maji. Mkiachana zaidi ya maili 5 za baharini, taa yako iko nyuma ya mgongo wa bahari, hata ingekuwa na nguvu za mnara wa Ras Nungwi. Roketi ya mita 300, kwa hesabu hiyo hiyo, inachomoza juu ya upeo kwa mtu aliye zaidi ya maili 30. Mawingu na unyevu vitapunguza, lakini tofauti umeiona.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi bora, nitakuuliza nani anakutazama. Kama umetoa taarifa kwa redio na boti ya uokoaji inakuja, kinachotakiwa ni alama isiyozimika ili wakukute mahali ulipo. Hapo taa inaishinda fataki, kwa sababu wanaweza kuchukua saa mbili kufika na wewe huna fataki za saa mbili. Lakini kama hakuna anayejua kwamba umepotea, na unataka kumshtua baharia wa meli inayopita mbali, aliyeshika kikombe cha chai akitazama mbele, taa ndogo haimshtui. Roketi inamshtua.

Ushauri wangu kwako: nunua fataki mpya, hata mbili tatu, na taa ibaki chomboni. Usitupe za zamani baharini; habari zake nimemjibu mama wa Shimoni hapo chini. Na kabla ya yote hayo iwepo redio ya VHF inayofanya kazi kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, na mtu pwani anayejua umetoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Kuhusu kama mkaguzi ataikubali taa peke yake, nenda ofisi ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar uwaulize kabla ya siku ya ukaguzi. Sheria ya Marekani haipandi boti ya Nungwi.

Siku ukiitumia, usiishike mkononi. Mkono unachoka, unashuka, mwisho taa iko magotini. Ifunge kwenye ncha ya pondo, pondo ulisimamishe na ulifunge kwenye kiti. Ukiiinua kutoka mita 1 hadi mita 4, umeongeza kama maili 2 za kuonekana bila gharama yoyote.

*Nahodha, sisi wa dagaa usiku tuna taa za kuangaza bahari nzima. Kuna haja gani ya kununua taa nyingine ndogo ya kuomba msaada? Tukipata shida si tutazizima na kuziwasha tu?*
— Mvuvi wa Giza, Kigombe

Ndugu yangu, swali lako ndilo zuri kuliko yote mwezi huu, na wanaouza hizi taa hawalijui.

Taa zenu zinakula umeme wa jenereta au wa betri kubwa iliyo chini ya sakafu ya chombo. Chombo kikianza kujaa maji, kitu cha kwanza kulowa ni hicho. Nimezungumza na vijana waliopinduka, na wote wanasema hivyo: giza liliingia kabla hawajajua kinachoendelea. Taa ya dharura ina betri zake ndani, imefungwa isiingie maji, inaelea. Hiyo ndiyo haja yake.

Lakini kwenu kuna shida ambayo mtu wa ziwa la Marekani hana. Mwaka jana wakati wa giza tulizijaribu aina mbili pale Deep Sea, Tanga. Kijana wetu alitoka na mtumbwi akapita nyuma ya vyombo vya dagaa, mimi nimekaa gatini na mjukuu wangu. Vyombo vilikuwa vingi, vyote taa nyeupe za LED, na mnajua zilivyo: chombo kikipanda na kushuka kwenye wimbi, taa yake nayo inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Kijana akawasha taa ya kwanza, ile nyeupe ya SOS. Mimi nilikuwa najua upande alioko, nina darubini, na SOS naisoma tangu nikiwa kwenye tagi, meli ya kuvutia meli nyingine, na bado nikawa naipoteza. Kila taa ya dagaa ilionekana kama inamweka.

Akawasha ya pili, ile ya rangi mbili. Hii inabadilishana rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani na nyekundu inayoelekea chungwa. Mjukuu aliinyooshea kidole kabla sijainua darubini.

Taa za rangi mbili zina kiwango chake, kinaitwa RTCM 13200, na Walinzi wa Pwani wa Marekani walianza kuzikubali mwishoni mwa mwaka 2018. Kabla ya hapo taa iliyokubalika ilikuwa ni nyeupe peke yake. Waliotunga kiwango hicho walikuwa wanawaza taa za miji, za barabara na za bandari nyuma ya boti, siyo dagaa wa Kigombe, lakini dawa ni moja: bahari iliyojaa taa nyeupe, taa nyeupe nyingine haina mwenyewe. Mvuvi wa dagaa akiniuliza anunue ipi, namwambia ya rangi mbili, na asipoipata bora akae na fataki nyekundu kuliko kununua nyeupe.

Kuhusu kuzima na kuwasha zile kubwa: kama bado zinawaka, fanya. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zina nyongeza inayotaja ishara zote za dhiki, na SOS inakubaliwa kwa njia yoyote ile ya kuitoa. Mimweko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Kwa tochi ya simu, kwa karabai na kipande cha ubao unachokipitisha mbele yake, ni halali. Moto unaowaka chomboni nao umo kwenye orodha hiyo hiyo, kutoka enzi za mapipa ya lami, ila nawaomba wenye mashine za petroli wasinielewe vibaya. Khanga iliyochovywa petroli na kupungwa juu ya kichwa nimeisikia zaidi ya mara moja, na siyo kila aliyeifanya alirudi na nyusi zake.

*Salaam nahodha, nasoma jarida lenu nikiwa Columbus, Ohio. Mimi na wenzangu tumenunua boti ya futi 19 ya kuvulia samaki Lake Erie. Muuzaji ametupa fataki za zamani kwenye kopo. Mke wangu hataki baruti ndani ya gereji, watoto wanacheza humo. Taa itatutosha kisheria?*
— Mzee wa Makokoro, Ohio

Wa alaykum salaam. Itawatosha, na nakubaliana na shemeji.

Kwa kuwa boti yenu inapita futi 16 na mko kwenye yale Maziwa Makuu ya huko, mnatakiwa kuwa na ishara za mchana na za usiku muda wote mkiwa majini. Boti ya chini ya futi 16 inadaiwa za usiku tu, na inazidaiwa ikitoka usiku. Taa ya umeme iliyoidhinishwa pamoja na bendera ya chungwa vinatimiza vyote viwili. Tazama mwilini mwa taa: ile nyeupe lazima iwe imeandikwa namba 161.013, ambayo ndiyo kanuni yake. Za rangi mbili zinataja RTCM 13200. Tochi ya dukani yenye kitufe cha SOS haina namba hizo, na mkaguzi akiwasimamisha haihesabu, hata ikiwa inawatoa machozi kwa mwanga.

Fataki za kwenye kopo zimepigwa muhuri wa tarehe. Huko kwenu zinaisha miezi 42 baada ya kutengenezwa, na hapo ndipo taa inapowapendeza watu: hamna tena kununua upya kila baada ya miaka mitatu na nusu. Betri mtabadilisha, basi.

Neno moja la mtu ambaye hajaliona ziwa lenu. Betri za alkalini zinalegea kwenye baridi, na nyie samaki mnawafuata mapema barafu ikishayeyuka tu. Someni kijitabu cha taa kuona aina ya betri inayoruhusiwa, na betri mpya ziingie mwanzoni mwa msimu, siyo mwishoni. Pia ziwa hilo nusu yake ni ya Kanada. Mkiwa na tabia ya kuvuka mstari kumfuata samaki, ulizieni sheria ya upande wa pili, ni yao wenyewe.

Na mkae na redio. Ziwa kubwa ni bahari yenye maji baridi.

*Kaka yangu anatoka Dubai mwezi ujao. Fataki huko zinapatikana. Anaweza kuniletea kwenye begi? Mimi niko Mafia, na huku hakuna duka linaloziuza.*
— Mwenye Mashua, Kilindoni

Hapana. Fataki ni baruti, ziko kwenye kundi la kwanza la mizigo ya hatari, haziruhusiwi kwenye begi la mkononi wala lile la chini ya ndege. Kaka yako atakamatwa kabla hajafika mlangoni. Zinasafirishwa kwa meli, kwa karatasi zake, na ndiyo maana zinafika Mafia kwa shida na kwa bei ya dhahabu.

Cha kukuletea ni taa. Atoe betri za alkalini ndani yake azifunge pembeni, taa isije ikawaka begini, na akifika usalama wa uwanja aseme ni taa ya boti. Kwa watu wa visiwani, naona hapa ndipo taa inapokuwa na hoja ya kweli. Mtu wa Dar akichagua kati ya fataki mpya na taa, nitabishana naye. Mtu wa Mafia anachagua kati ya taa na fataki za mwaka 2015 zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya shetri, na hapo sina ubishi.

*Nahodha, mimi ni baharia kwenye chombo cha abiria. Bosi amesikia habari za hizi taa, anataka tuondoe fataki zote tuweke taa, eti tuokoe pesa za kubadilisha kila muda ukiisha. Nimwambie nini?*
— Jina ninalo, Dar es Salaam

Mwambie asiguse.

Hizi taa zimeidhinishwa kama mbadala kwa boti ndogo za starehe na za uvuvi mdogo, katika nchi iliyoziidhinisha. Meli ni jambo jingine. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka roketi za mwavuli 12 pale daraja la nahodha, yaani mahali pa kuongozea meli, au karibu yake. Ndani ya kila boti ya kuokolea watu kuna roketi 4, fataki za mkononi 6 na makopo 2 ya moshi wa kuelea. Na ukilifungua lile sanduku la vifaa vya boti ya kuokolea, humo humo utakuta na tochi isiyoingia maji, ya kupigia alama za Morse, na betri za akiba. Waliotunga waliiweka tochi kando ya roketi. Hawakuitoa roketi ili waiweke tochi.

Meli zisizotoka nje ya nchi zina kanuni za nchi, na mwenye neno ni mkaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa Bara, na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Lakini sijaona mkaguzi atakayepita kwenye chombo chenye abiria mia tatu akakuta taa ya betri tatu akasema sawa. Bosi akitaka kununua taa za ziada, karibu, mumfungie kila kiongozi wa kuokoa watu moja shingoni. Hizo zitakuwa za kuwakusanya watu gizani, na hapo nitampongeza kwa maandishi.

Na kwa kuwa umeniandikia kwa siri: hesabu fataki zilizoko chomboni leo, andika tarehe zake kwenye daftari la chombo, na nahodha wako asaini. Karatasi yenye saini huwa inawapata wakubwa haraka kuliko maneno.

*Assalaam alaykum. Nyumba yetu Shimoni inatazama Wasini. Usiku mara nyingine naona taa inamweka huko majini na sijui kama ni mtu ana shida au ni mvuvi. Nifanye nini nisije nikawasumbua watu bure? Pili, mume wangu marehemu aliacha fataki za boti ndani ya ghala, kama kumi hivi, za zamani. Wajukuu washaanza kuziulizia.*
— Mama wa Boti, Shimoni

Wa alaykum salaam, mama, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Nianze na taa. SOS ukishaijua haifanani na kitu kingine: fupi, fupi, fupi, ndefu, ndefu, ndefu, fupi, fupi, fupi, kimya kidogo, kisha upya. Wimbi litakuibia mmweko mmoja au miwili, kwa hiyo subiri irudie mara tatu au nne. Taa ya uvuvi inayopandishwa na wimbi haina mpango. Inapotea kwa muda usiolingana. Taa za maboya na minara zina mpango wake, lakini wewe mwenyeji unazijua zilipo, na hazihami. Ukiona mpango wa tatu-tatu-tatu, au taa inayobadilishana nyekundu na samawati mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, au moto mwekundu wowote, usijishauri tena. Piga 999 au 112, na umwamshe jirani mwenye boti na redio. Kusumbua watu bure unakosema ni kwa yule anayetoa ishara ya uongo, siyo kwako unayeiona. Hakuna mwanajeshi wala mlinzi wa pwani atakayekulaumu kwa kuona.

Kuna kazi moja ambayo wewe ukiwa barazani unaiweza kuliko helikopta. Usiku huwezi kukadiria umbali wa taa, hata mimi siwezi, lakini upande unaweza kuushika barabara. Simama mahali pamoja, usihame. Tafuta kitu kilichotulia kinacholingana na taa: nguzo ya baraza, mnazi, pembe ya paa la jirani. Kama hakuna, chomeka vijiti viwili mchangani, kimoja mbele ya kingine, vyote vielekee kwenye taa. Andika saa. Waokoaji wakifika, au kukicha, wanasimama nyuma ya vijiti vyako wanapiga dira. Na jirani aliye mbali kidogo na nyumba yako akifanya vivyo hivyo, mistari yenu miwili ikikatana kwenye chati ndipo alipokuwa mtu. Ila maji hayasimami hapo Wasini, kwa hiyo saa uliyoandika ina thamani kama vijiti vyenyewe. Bila saa, hawajui mkondo umemsogeza wapi.

Wanaoomba msaada na taa wajue hili pia: aliye pwani anahitaji muda wa kufanya yote hayo. Fataki ya dakika moja inamkuta anatafuta viatu. Ndiyo maana pamoja na maneno yote niliyoandika kwa kijana wa Nungwi, mtu anayepotea karibu na pwani yenye watu, taa ya saa nyingi ina faida ambayo tarakimu za kandela hazioneshi.

Sasa ghala. Fataki ya mkononi ukiiona haijawashwa ni kitu cha kudharaulika, kibomba chekundu cha karatasi ngumu au cha plastiki, kofia juu, mshikio chini. Ikiwashwa inanguruma, inatoa moshi wa kukaba, na inadondosha matone ya moto mwekundu yanayotoboa sakafu ya boti na godoro la mpira kwa dakika hiyo hiyo moja. Ndiyo maana baharia huishika upande wa chini ya upepo, mkono nje ya chombo. Joto lake linapita nyuzi 1,000. Mtoto hawezi kuirusha, kwa sababu ataganda nayo.

Ya zamani inaweza kukataa kuwaka kabisa, au ikawaka kwa namna ambayo hukuitegemea, unyevu ukiwa umeshaingia ndani ya baruti. Kwa hiyo zisijaribiwe, zisichomwe jalalani, zisifukiwe shambani, na zisitupwe mkondoni; chumvi zilizomo ndani ni sumu kwa maji. Wala zisipigwe siku ya harusi au mkesha wa mwaka mpya. Vijana wa pwani zote mbili wanafanya hivyo, na moto mwekundu ukipanda, kuna mtu mahali fulani anaamshwa kwenda kutafuta boti isiyokuwepo.

Usizifungue wala usizihesabu kwa kuzimwaga. Ziache kwenye kopo lake, uliweke juu, pakavu, mbali na jiko na mbali na petroli ya mashine, ghala ulifunge kwa kufuli na ufunguo uuvae wewe. Kisha piga simu kituo cha polisi au Zimamoto, uwaambie una fataki za boti zilizopitwa na muda, waje wazichukue wenyewe. Usimpe mtu azipeleke Ukunda kwa matatu.